Sifa Tumewaachia Machawa

Siku hizi ukitunga shairi la kumsifu mtu aliye hai, swali la kwanza utakaloulizwa ni nani kakulipa, na la pili ni unatafuta cheo gani. Hakuna anayeuliza kama mizani imetimia, kama vina vimekaa, au kama uliyoyasema ni kweli. Neno liko tayari mdomoni mwa kila mtu: chawa. Mwimbaji wa kampeni ni chawa, mwanamuziki anayetaja jina la tajiri katikati ya wimbo ni chawa, na mtunzi aliyekaa akaandika beti kadhaa za kumshukuru mkunga wa zahanati ya kijijini kwao anatazamwa kwa jicho hilohilo. Wasomi wa fasihi hawalitumii neno hilo. Wao husema kazi ya mshairi ni kuihoji jamii, kwamba tungo za sifa ni masalia ya enzi za masultani na machifu, na kwamba mshairi wa kweli hujulikana kwa kile anachokipinga. Maneno ni tofauti, hukumu ni ileile.

Naipinga hukumu hiyo yote, tangu mizizi. Kusifu vizuri ni kazi ngumu kuliko nyingi katika ushairi, maana inamtaka mtunzi amjue kwa undani anayemsifu, aseme mbele ya watu wanaomjua pia, na akubali kusutwa nao akikosea. Uchawa ni sifa iliyotungwa na mtu ambaye hajui lolote juu ya anayemsifu ila uwezo wake wa kutoa. Washairi wetu wazuri, kwa kuogopa kufananishwa na huyo, wameukimbia utungo wenyewe. Uwanja haukubaki mtupu. Tunasikia kila siku nani ameuchukua.

Tuanzie darasani, maana ndiko dharau hii inakofundishwa. Kila aliyesoma Kiswahili kidato cha tano na cha sita anazijua ngazi za uhakiki: dhamira, ujumbe, msimamo, falsafa. Ukifika kwenye msimamo, jibu linaloleta alama ni kwamba mwandishi ana msimamo wa kimapinduzi. Kijana anatoka hapo akiamini kwamba shairi lisilolalamika halina msimamo. Katika somo la fasihi simulizi atakariri kwamba kuna sifo, kuna vivugo, kuna tondozi, na kwamba tondozi husifu watu, wanyama na vitu. Atakariri ufafanuzi, atautapika kwenye mtihani, na hakuna siku atakayoambiwa atunge tondozi moja ya kitu anachokiona kila siku akienda shule.

Matokeo yake ni kwamba hata sifa iliyo mbele ya macho hatuioni. Shairi lililoipa jina diwani ya Wasakatonge ya Mohammed Seif Khatib linafundishwa kama malalamiko juu ya matabaka, na kweli ni malalamiko. Lakini litazame linavyofanya kazi. Linawataja watu wa kazi za sulubu mmoja baada ya mwingine: wabeba zege, wasukuma mikokoteni, makuli wa bandarini, wachimbaji wa migodini. Kule kuwataja kwa kazi zao, kwa mpangilio, kwa sauti inayopanda, ndiyo mbinu kongwe ya mtunzi wa sifa. Ungewaondolea heshima hiyo, malalamiko yangebaki bila miguu, maana tusingejua ni nani anayedhulumiwa na kwa nini dhuluma hiyo iuume moyo wa msomaji. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba hapa pana ukosoaji peke yake amempa nusu ya shairi.

Sasa nije kwenye fedha, kwa sababu hapo ndipo wapinzani wangu wanapojiona wako imara zaidi. Wanasema sifa inayolipiwa haiwezi kuwa ya kweli. Basi na tumchukue mtunzi aliyelipwa waziwazi na kuingia katika historia kama baba wa utungo huu kwa upande wa Ulaya, Mgiriki Pindar, wa karne ya 5 kabla ya Kristo. Zimetufikia tungo zake 45 za kuwasifu washindi wa michezo ya Olympia, Delphi, Nemea na Isthmia. Ziliagizwa na familia za washindi, zikalipiwa, zikaimbwa kwa ngoma na ala. Mmoja wa waliomwagiza alikuwa Hieron, mtawala wa mabavu wa Syracuse. Mwaka 470 kabla ya Kristo Hieron alishinda mbio za magari ya farasi huko Delphi na Pindar akamtungia. Anamsifu, ndiyo, kwa fahari kubwa. Kisha anageuka na kumshauri atawale kwa haki na asiutupe ukweli, na kuelekea mwisho anamtajia Phalaris, mtawala wa zamani wa hukohuko Sicily aliyewachoma watu ndani ya ng'ombe wa shaba, ambaye jina lake limebaki ni la kuchukiwa na hakuna karamu inayomwimba. Mtawala alilipa fedha zake ili aambiwe, mbele ya wageni wake, kwamba akiwa katili hakuna atakayemwimba. Nionyeshe mhariri mmoja wa leo aliyewahi kumwambia mwenye tangazo maneno mazito kama hayo kwenye ukurasa uliolipiwa.

Mfano wa pili una uchungu zaidi, nao ni wa al-Mutanabbi, bingwa wa kasida za Kiarabu katika karne ya 10. Alimsifu Sayf al-Dawla wa Aleppo kwa miaka, wakakosana, akaenda Misri kwa Kafur. Kafur alikuwa mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, akapanda kwa akili na uwezo wake mpaka akaitawala Misri. Al-Mutanabbi alimsifu akitarajia kupewa jimbo la kutawala. Hakupewa. Akatoroka, na akamtungia kashfa ambazo mpaka leo zinasomwa. Wanaoudharau utungo wa sifa hupenda kuutaja mkasa huu: mnaona, sifa ilikuwa biashara. Nami nauliza, kati ya zile sifa na zile kashfa, ni zipi za aibu? Kashfa zile zimejaa dharau ya rangi na ya utumwa. Zinamtukana mtawala hodari kwa sababu ya ngozi yake na kwa sababu aliwahi kununuliwa sokoni. Sifa zilikuwa na tamaa ndani yake, sikatai, lakini zilimkabili Kafur kama mwanadamu anayestahili kupimwa kwa matendo. Kashfa ndizo zilizomshusha mshairi. Basi kinachoutia doa utungo ni kitu kingine kabisa, na hatutakipata kwa kuangalia tu kama unasifu au unalaumu.

Tuwaache wafalme wanaolipa, twende kwa msifiwa asiyeweza kulipa. Rwanda kuna tungo za kuwasifu ng'ombe, amazina y'inka, zilizotungwa hasa kwa ajili ya inyambo, wale ng'ombe wa pembe ndefu waliokuwa fahari ya ufalme. Mtunzi humsifu ng'ombe kwa lugha ya vita. Pembe ni silaha, mwendo wa kundi ni mwendo wa jeshi, ng'ombe aliyetulia kisimani ni shujaa aliyerudi kutoka mapambanoni. Kila ng'ombe ana utungo wake na haukai kwa mwenzake, kwa sababu umefumwa kutokana na rangi yake, pembe zake na nafasi yake katika kundi. Padri Alexis Kagame alifanya kazi kubwa ya kukusanya na kuandika juu ya tungo hizi pamoja na zile za kifalme, na leo bado utazisikia kwenye sherehe za posa na mahari. Mtungaji anasimama mbele ya ukoo, anawasifu ng'ombe wanaotolewa, na wazee wanaojua mifugo wanasikiliza kwa makini kama anasema kitu. Hawamsikilizi kwa adabu tu. Wanapima. Anayesifu ng'ombe kwa maneno yanayomfaa ng'ombe yeyote anadhihirika papo hapo kwamba hajawahi kuchunga.

Ng'ambo ya mpaka, Ankole na Buhaya, kuna majigambo ya mashujaa, na kanuni yao ni hiyohiyo iliyokazwa zaidi. Katika ebyevugo vya Wahima, anayejisifu hutaja jina la mahali, hutaja wenzake waliokuwa naye, hutaja silaha. Majina ya vilima na mito yamesongamana mpaka mgeni anachoka kusikiliza. Lakini fikiria anayasema mbele ya nani. Wenzake waliokuwa kwenye kilima hicho wameketi palepale. Hakuna pa kujificha.

Na pwani yetu? Katika tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo kuna za kuusifu uta wake na kuna za kuusifu mnazi. Mnazi hautoi bahasha. Mtunzi anaupanda kwa maneno tangu mizizi hadi kilele, akionyesha kila sehemu inachomfaa binadamu, na anayesikiliza anajifunza kuuona mti aliouzoea kupita kiasi. Ni Liyongo huyohuyo ambaye, kwa mujibu wa utenzi wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, alifungwa pingu, akawafundisha watu wimbo wa gungu, nao walipoimba kwa matari na vigoma, yeye ndani alikuwa anakata minyororo kwa tupa aliyoletewa ndani ya mkate wa wishwa. Sitaki kuugeuza mkasa huu fumbo la mambo yote. Natosheka kusema kwamba watu wetu wa zamani hawakuona ajabu shujaa mkubwa kuwa mtunzi wa nyimbo za sherehe na sifa, wala hawakudhani kwamba nyimbo hizo ni za watu dhaifu.

Kama kuna mtu aliyeuweka ubishi huu wote katika meza moja, ni Pablo Neruda wa Chile. Mwaka 1954 alichapisha Odas elementales, kitabu cha mashairi ya kusifu vitu vya kawaida kabisa, na kimojawapo ni kitunguu. Mwaka huohuo alichapisha Las uvas y el viento, na ndani yake mna shairi la kumwomboleza na kumtukuza Stalin, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mtunzi ni mmoja, kipaji ni kimoja, miaka ni ileile, utungo wa aina ileile. Shairi la kitunguu linasomwa na watoto wa shule katika nchi nyingi. Lile la Stalin hata wapenzi wa Neruda hulipita kimya kimya. Anayesema utungo wa sifa ni uchawa kwa asili yake atalieleza vipi lile la kwanza? Na anayesema sifa zote ni njema, ambaye si mimi, atalieleza vipi la pili?

Mimi nalieleza hivi. Kitunguu alikuwa amekimenya. Aliyajua maganda yake, machozi yake, na anayekitegemea jikoni, yaani fukara asiye na kingine cha kutia kwenye chungu. Kwa Stalin alikuwa na picha ya ukutani na hotuba za chama. Alisifu asichokiona, kwa maneno ambayo wengine walikwisha kuyaandaa, na kwa hiyo hakuna hata kitu kimoja ndani ya shairi lile ambacho mtukuzaji mwingine yeyote wa siku zile asingeweza kukisema.

Hapo ndipo kilipo kipimo, na ni kipimo rahisi ambacho msikilizaji yeyote anaweza kukitumia. Chukua wimbo wa sifa, ondoa jina la msifiwa, weka jina la mwingine mwenye cheo kama chake. Ukikaa sawasawa, huo ni uchawa. Nyimbo nyingi tunazopigiwa kwenye mikutano zimetungwa kwa namna hiyo makusudi, kwa sababu mtunzi anajua mwakani huenda jina likabadilika: baba, nahodha, jembe, chuma, simba, mitano tena. Jaribu kufanya hivyo kwenye izibongo, yaani tungo za sifa, za Shaka, mfalme wa Wazulu. Haiwezekani. Kuna majina ya watu aliowaua, ya koo alizozivunja, ya mahali alipopita, na ukatili wake umo wazi, haukufichwa chini ya ushujaa. Mtunzi wa izibongo hakutakiwa kusema mazuri peke yake. Alitakiwa kumchora mtu aonekane. Wazulu na Waxhosa wamempa mtunzi huyo ruhusa ambayo raia wa kawaida hakuwa nayo, ya kumwambia mkubwa lisilosemeka akiwa ndani ya utungo wa sifa.

Aliyeitumia ruhusa hiyo kwa ukali kuliko wote ninaowajua ni S.E.K. Mqhayi, mtunzi wa Waxhosa. Mwaka 1925 mrithi wa ufalme wa Uingereza, Prince of Wales, alizuru Afrika Kusini, na Mqhayi akamtungia utungo wa kumpokea. Kwa sura, kila kitu kimo: salamu, majina makubwa, kuinuliwa. Katikati ya kuinua huko anaisifu Uingereza kwa namna ilivyoleta dini pamoja na pombe, mmisionari pamoja na bunduki, na kuuliza ni kipi hasa watu wake wakipokee. Hakuna mstari ambao ungeweza kuuita matusi. Hakuna mstari ambao mtawala angeweza kuusikiliza akalala usingizi mwema. Nelson Mandela ameandika jinsi Mqhayi alivyofika shuleni kwao Healdtown amevaa ngozi ya chui na kushika mikuki miwili, akatamka mbele ya wakubwa Wazungu maneno ambayo vijana wale hawakuwahi kufikiri Mwafrika angethubutu kuyatamka. Mwanaharakati aliyeandika makala kali ya upinzani mwaka ule wa 1925 angeweza kupuuzwa. Msifu hakuweza kupuuzwa, kwa kuwa alialikwa.

Nasi tunaye Muyaka bin Haji, wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840. Alikuwa mshairi wa Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, mtu wao, na aliwapigania kwa kalamu katika ugomvi wao na Lamu na Oman kwa ukali wote. Akajibizana na Zahidi Mngumi wa Lamu, ubeti kwa ubeti. Kwa kipimo cha siku hizi tungemwita nani? Lakini ni Muyaka huyo aliyeutoa ushairi kwenye mambo ya dini peke yake akaupeleka sokoni na barazani, na ni yeye aliyewaonya wakubwa wake kuhusu mgawanyiko wao wenyewe, ambao mwaka 1837 ulimfungulia Seyyid Said wa Oman mlango wa Mombasa. Kama angekuwa mtu wa kusifu bila kuona, asingeonya. Na kama hangekuwa mtu wao, nani angelisikiliza onyo? Mashairi yake yasingetufikia bila Mwalimu Sikujua bin Abdallah kuyakusanya pamoja na W.E. Taylor, na hilo nalo linaonyesha kitu: Wamombasa waliyakumbuka kwa vichwa miongo kadhaa baada ya utawala aliouimba kuanguka. Hakukuwa na Mazrui wa kumlipa mtu ayakariri.

Siti binti Saad wa Unguja naye. Aliimba mbele ya wakubwa, aliimba nyimbo za sifa na mapenzi, na kinywa hichohicho kiliimba kisa cha Kijiti, muuaji aliyetoroka huku mashahidi ndio wakafungwa. Shaaban Robert alipoamua kumwandikia wasifu, alikuwa anafanya jambo ambalo leo lingetiliwa shaka: kumtukuza mtu wa zama zake. Kamtukuza mwanamke wa Fumba, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, aliyeanza kwa kuuza vyungu. Nani mwingine angeyaandika hayo kwa wakati ule kama si mtu aliyeamini kwamba kusifu ni wajibu?

Wapo watakaosema: hayo ni ya zamani. Basi nendeni mtaani mwezi wa Maulidi. Nendeni Lamu, kwenye msikiti wa Riyadha aliouasisi Habib Swaleh, au kwenye madrasa yoyote ya Tanga, Bagamoyo au Unguja jioni vijana wanapofanya mazoezi ya kasida. Safu mbili zimeketi zikitazamana, magoti yamegusana, dufu mkononi. Kiongozi anatoa mstari kwa sauti ya juu kidogo kuliko anavyoweza kuihimili, safu inaupokea, miili inainama pamoja upande mmoja kisha mwingine, na mtoto wa miaka tisa mwishoni mwa safu, ambaye kanzu imemzidi urefu, anajua beti zote za kumsifu Mtume bila kitabu. Hamziya, kasida ya al-Busiri ya kumsifu Mtume, ilitiwa Kiswahili na Sayyid Aidarus wa Pate karne kadhaa zilizopita, na ni miongoni mwa maandishi yetu ya kale kabisa. Maana yake ni kwamba kati ya vitu vya kwanza ambavyo Kiswahili kiliandikwa kuvisema kwa ushairi ni sifa. Mtaniambia hiyo ni ibada, haihusiani. Inahusiana sana. Sikio la Mswahili la vina na mizani limenolewa hapo, na wapiga taarabu wetu wangapi walianza na dufu? Kwa Wakristo kwaya imefanya kazi hiyohiyo. Watu hawa hawasifu kwa kuwa wana njaa. Wamefundishwa kwamba kilicho bora kinastahili maneno bora, na kwamba maneno hayo lazima yafanyiwe mazoezi.

Sasa hoja ngumu, ambayo siwezi kuikwepa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, washairi wa Tanzania waliombwa na Mwalimu Nyerere wapeleke siasa ya Ujamaa kwa wananchi, na wakaitika. Mathias Mnyampala aliikuza ngonjera kwa kazi hiyo, chama cha washairi cha UKUTA kikaibeba, shule nchi nzima zikaipokea. Nyingi kati ya tungo zile leo hakuna anayezisoma kwa hiari. Wakosoaji wanasema: tazameni sifa inavyokufa. Nami nakubali kwamba nyingi zimekufa, ila nasoma chanzo tofauti. Washairi wengi wa wakati ule walisifu vijiji ambavyo havijajengwa. Walisifu mavuno ambayo hayajapandwa. Maneno yalitoka kwenye hotuba yakaingia kwenye mizani bila kupita shambani. Mnyampala mwenyewe alikuwa mtunzi hodari na nia yake ilikuwa safi, simweki kwenye kapu la machawa. Alichokosa yeye na wenzake ni kile alichokosa Neruda kwa Stalin: kitu cha kukiona kwa jicho. Mahali ambapo walimsifu mkulima fulani kwa kazi fulani aliyoifanya, tungo zina uhai mpaka leo. Pale waliposifu sera, zimebaki sera.

Na kama ni vifo, hesabuni basi na maiti wa upande wa pili. Tangu miaka ya sabini tumetunga maelfu ya mashairi ya kulaani ufisadi, ubepari, wanene, vigogo. Mangapi yanakumbukwa? Yanakumbukwa ya Kezilahabi, yanakumbukwa ya wachache wengine walioona kitu. Mengine yote yamekufa kifo kilekile cha ngonjera, kwa ugonjwa uleule. Shairi linalolaani ufisadi bila fisadi, linalolaani viongozi bila kiongozi, bila zabuni, bila barabara iliyoliwa, halimgharimu mtunzi chochote. Ukumbi mzima unapiga makofi kwa kuwa kila mmoja anajua si yeye anayesemwa. Mtunzi huyo naye anajipendekeza, ila kwa wasikilizaji badala ya mkubwa. Jaribu kipimo changu: badilisha nchi, badilisha miaka, shairi linakaa. Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba kukosoa ni ujasiri na kusifu ni woga. Kati ya vijana watunzi ninaowasikia, anayethubutu kusimama jukwaani amsifu kwa jina mwalimu wake aliye hai ndiye anayehatarisha zaidi, kwa sababu kesho mwalimu anaweza kumwaibisha.

Kuna hasara nyingine ambayo haizungumzwi. Kwa kuwa hatusifu walio hai, hatuna lugha ya kuwasifu hata waliokufa. Sikilizeni wasifu wa marehemu unaposomwa msibani. Alizaliwa tarehe fulani, alipata elimu ya msingi, aliajiriwa, alihamishiwa, alianza kusumbuliwa na maradhi, ameacha mjane na watoto. Karatasi inakunjwa. Mtu aliyewahi kuwapatanisha ndugu walioshikiana mapanga kwa ajili ya mpaka wa shamba, mwanamke aliyelisha nusu ya mtaa mwaka wa njaa, anaondoka na orodha ya vituo vya kazi. Msomaji si wa kulaumiwa. Hakuna aliyemfundisha kwamba kumtazama mtu na kumsema kwa haki ni kazi yenye ufundi wake, na washairi ambao wangemfundisha wanaona haya kuonekana wakisifu.

Naambiwa mara nyingi: je, ukimsifu mtu kisha akageuka? Akageuka, shairi libaki. Usilifute. Hapo ndipo linapoanza kufanya kazi ya pili, maana sasa ni ushahidi wa aliyoyaahidi na ya jinsi tulivyomwamini. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, chama tawala cha KANU na viongozi wake waliimbwa nchi nzima. Miaka mitano baadaye kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, akaandika karatasi yenye kichwa Kenya: Twendapi? Swali hilo lisingekuwa na makali kama watu wasingekuwa wamekwisha kuimba, kwa furaha ya kweli, ni wapi walidhani wanakwenda. Serikali ililielewa vizuri. Ilimshtaki, akahukumiwa kifungo cha miezi kumi na minane, upande wa mashtaka ukakata rufaa na kifungo kikawa miaka mitatu. Mashairi aliyoyatunga gerezani yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapewa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais aliyekuwa madarakani alipofungwa.